Mgongo Ambao Babu Hakuuangalia

Babu yangu Bosire alikuwa dresa wa dispensari katika shamba moja la chai kati ya Kericho na Litein kwa miaka ishirini na mitatu. Alifunga vidonda vya panga, akatoa funza, akasafisha masikio yenye usaha, akawanywesha watoto dawa ya minyoo huku wakimpiga mateke. Hakuna mchuma chai wa kambi ile ambaye babu hakujua ana kovu wapi. Alivaa koti jeupe lililofuliwa na bibi, na katika mfuko wa koti alichomeka kalamu ya wino, juu kabisa, ili asiyejua kwamba huyu ni mtu wa kuandika ajue. Nampenda marehemu, lakini alikuwa mtu wa kujisikia, na nikisema vingine nitakuwa nawadanganya.

Alikuwa pia Msabato wa kweli. Pombe hakugusa, ugoro hakunusa, na mila aliziita mambo ya giza. Akisikia mtu ameenda kwa mganga alicheka kwa sauti, makusudi, mpaka mwenyewe asikie. "Mimi," alikuwa akisema, "naamini kitu nilichokiona kwa macho yangu." Jambo moja tu la mila lilibaki ndani yake, na lilibaki kwa sababu hakulihesabu kuwa mila. Aliliona ni adabu ya kawaida, sawa na kuvaa suruali.

Jambo hilo sisi Abagusii tunaliita ensoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake, na inabana zaidi kati ya mwanamume na mke wa mwanawe. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mkaza mwana wake. Hamshiki mkono, hazungumzi naye habari za mwili, na kuuona mwili wake ukiwa wazi ni jambo ambalo wazee walikuwa hata hawalitaji. Mkaza mwana naye anachunga upande wake. Hasemi mbele ya mkwe kwamba tumbo linauma, wala kwamba amechoka, wala kwamba ana mimba, hata kama mimba yenyewe imetangulia mlangoni.

Mkaza mwana wa babu alikuwa mama yangu, Bosibori. Baba alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya reli Nakuru, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mama alikaa kambini pamoja na wakwe zake. Nyumba za kambi zilipangwa kwa mistari, mlango ukitazamana na mlango, na bila shaka aliyezipanga hakuwa Mgusii. Kila asubuhi babu alizunguka nyuma ya vyoo, njia ya matope, ili asipite mbele ya mlango wa mama ukiwa wazi. Bibi alilalamika kwamba viatu vinanuka. Babu akamwambia afadhali viatu.

Mwaka wa hamsini na nne mama aliandikwa kazi kiwandani, katika chumba cha makasha. Siku hizo chai ilisafirishwa kwa makasha ya mbao nyembamba, na ndani ya kila kasha wanawake walibandika karatasi ili chai isishike unyevu. Walikuwa wanawake kumi na mmoja. Gundi ilikorogwa kwenye pipa na nyapara wao, Kipkemoi, ambaye aliimiminia dawa kutoka chupa ya kahawia ili isioze na ikauke haraka. Dawa hiyo ilikuwa fomalini. Ilichoma macho, na chumba kizima kilikohoa kila alipoifungua. Wanawake walipaka gundi kwa mikono mitupu. Brashi zilikuwako, lakini kwa brashi pembe za kasha hazishiki vizuri, na kasha lisiloshika vizuri lilirudishwa.

Baada ya miezi minane mama alianza kuwashwa katikati ya vidole. Vikaja vipele vidogo vyenye maji, vikapasuka, ngozi ikakauka na kuchanika. Akikunja ngumi damu ilitoka. Leo vijana wa hospitali wanaita aleji, na waliosoma Kiswahili wanaita mzio. Wakati ule ulikuwa ukurutu tu, na mwenye ukurutu aliambiwa hanawi vizuri. Wanawake wanne wa chumba kile walikuwa nao. Walipomlalamikia Kipkemoi, aliangalia mikono yao, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, maana hakuwa mtu mbaya, akasema, "Hiyo ni sapuni yenu ya nyumpani. Acheni kununua sapuni ya pei rahisi."

Ndipo akatokea Daktari Harwood. Alikuwa Mzungu kijana, mrefu, mwenye miwani, aliyezunguka mashamba kadhaa ya chai, na kwa hiari yake mwenyewe alikuwa akichunguza magonjwa ya ngozi yanayowapata watu kutokana na vitu wanavyoshika kazini. Babu alimpenda siku ya kwanza kwa sababu alimpa mkono. Daktari akamweleza uchunguzi utakavyokuwa, na babu akaurudia kwa watu wengi hivi kwamba hata mimi, niliyezaliwa baadaye, naujua kwa moyo.

Unachukua vipande vidogo vya kitambaa, ukubwa wa stempu. Kila kipande unakilowesha kitu kimoja kati ya vile ambavyo mgonjwa anashika: cha kwanza gundi tupu, cha pili wino wa kupigia makasha chapa, cha tatu maji ya sabuni, cha nne fomalini iliyozimuliwa sana, cha tano maji matupu ili uwe na cha kulinganishia. Unavibandika mgongoni kwa plasta, kwa mpangilio, na mgonjwa haogi mgongo wala hajikuni. Siku mbili zikipita unavitoa, unaangalia, na kila mahali unaweka alama kwa dawa ya zambarau. Siku mbili nyingine zikipita unaangalia tena, na hiyo ya pili ndiyo yenye neno, kwa sababu ngozi inayokataa kitu haina haraka ya kukikataa. Pakiwa laini, unaandika sifuri. Pakiwa pekundu na pameinuka, msalaba mmoja. Pakiwa na malengelenge, misalaba miwili.

"Utafiti," babu alisema mezani kwake, akilitafuna neno hilo pamoja na ugali. "Sisi na daktari tunafanya utafiti." Kanisani aliwaeleza wazee. Njiani aliwaeleza watu waliokuwa wakienda sokoni Litein na hawakumuuliza.

Walichaguliwa wale wanawake wanne, na mama akiwemo. Hapo babu alipaswa kumwambia daktari, "Bwana, mmoja wa hawa ni mke wa mwanangu, na mimi siwezi." Maneno machache tu. Hakuyasema. Alichofanya ni kupanga mambo kwa ujanja. Siku ya Jumatatu pazia lilifungwa kati ya kitanda na dirisha, daktari akaingia ndani na Jerusa, na babu akajiwekea meza upande wa nje. "Nitaandika huku, Bwana," akasema. "Huku kuna mwanga." Daktari hakuona ajabu yoyote.

Jerusa Wakonyo alikuwa msaidizi wa dispensari, mama wa Kigikuyu aliyezalisha nusu ya watoto wa kambi. Wagikuyu wenzake wengi walikuwa wameondolewa mashambani na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, yeye akaachwa kwa sababu alikuwa na barua ya misheni, na kwa sababu wake za mameneja nao walikuwa wakizaa. Jerusa aliona babu amekaa nje ya pazia, akaelewa mara moja. Wagikuyu nao wanajua kuogopa wakwe. Akalivuta pazia likaziba vizuri.

Jumatano vitambaa vilitolewa. Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kuvitoa wenyewe kwa sababu ya muwasho, na mmoja wao alikuwa amerudi kwao kabisa akisema mgongo wake si ubao wa shule. Wa tatu mgongo ulikuwa mwekundu kila mahali, hata penye maji matupu, kwa hiyo daktari akajua kwamba plasta yenyewe ndiyo iliyomchoma na hakuna la kujifunza kwake. Akabaki mama. Mgongo wake ulikuwa safi sehemu zote isipokuwa ya nne, penye fomalini, ambapo palikuwa na wekundu hafifu. Daktari alipaangalia kwa muda, akapagusa kwa kidole, akasema kwa sauti, babu akiandika nje: namba nne, alama ya kuuliza.

Kisha akatoka, akamwambia babu kwa Kiswahili chake cha kizungu, "Ijumaa ndiyo itasema. Kama namba ine iko na malengelenge, mimi naandika barua kwa kampuni, hii dawa natoka kwa gundi. Kama hakuna kitu, basi ni sabuni. Huyu mama moja tu ndiye nabaki."

Mama alikuwa akivaa blauzi nyuma ya pazia, na alisikia kila neno.

Ijumaa asubuhi lori lililobeba wafanyakazi lilipinduka upande wa Soin, na daktari akaitwa. Alisimamisha gari mbele ya dispensari bila kuzima injini. "Bosire, leo wewe iko macho yangu. Angalia wewe mwenyewe, andika wewe mwenyewe. Mutu ingine hapana. Mimi narudi kesho." Akamshika bega, mbele ya Jerusa na wagonjwa wote waliopanga foleni, akaondoka.

Mama alifika saa nane mchana. Jerusa akamwingiza nyuma ya pazia, akamwacha afungue blauzi mgongoni mwenyewe, akatoka. Babu alikuwa amekaa mezani na karatasi mbele yake.

"Mzee," Jerusa akamwambia polepole, "wacha niangalie mimi nikuambie. Wewe uandike tu."

Nafikiri kama angesema hivyo wakiwa peke yao babu angekubali. Lakini mlangoni walikuwako watu, na babu alisikia katika sauti ya Jerusa kwamba amejulikana. Dresa mwenye koti, mtu wa utafiti, anayewacheka wanaoenda kwa waganga, anaogopa mgongo wa mkaza mwana wake. Damu ikampanda.

"Daktari amesema nani?" akauliza. "Amesema Jerusa?"

"Hapana, mzee. Amesema wewe."

"Unadhani mimi ni mtu wa zamani? Nenda ukachemshe sindano."

Jerusa akaenda kuchemsha sindano ambazo zilikuwa zimekwisha kuchemshwa.

Babu akamaliza foleni. Akamfunga mtu kidole, akampa mwingine dawa ya kikohozi, akafagia, kazi ambayo haikuwa yake. Nyuma ya pazia mama alikuwa amekaa juu ya kitanda, mgongo wazi, na baridi ya Kericho mnaijua. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Msabato huanza Sabato yake Ijumaa jua likizama, na kabla ya hapo babu alitaka kazi iwe imekamilika na mlango umefungwa. Aliinuka, akashika ukingo wa pazia. Alinieleza mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba aliliinua hadi akaona mguu wa kitanda na kisigino cha mama. Akaliachilia.

"Bosibori," akaita.

"Tata," mama akaitika. Ndivyo tunavyomwita baba.

"Huo mgongo unakusumbua?"

"Yaya, tata," mama akajibu. Hapana, baba. "Ni sawa tu."

Babu akarudi mezani. Akaandika sifuri mara tano, akaweka jina lake chini kwa mwandiko wake mzuri, akaiacha karatasi mahali daktari atakapoiona, akafunga dirisha. Akamwita Jerusa amsaidie mama kuvaa, lakini mama alikuwa amekwisha kujivalisha mwenyewe, kwa mikono ile. Jua lilipozama babu alikuwa nyumbani anaimba.

Sasa nitawaambia kilichofuata, na nikiwa na hasira mnivumilie. Daktari aliisoma karatasi, akaiamini, kwa sababu alimwamini aliyeiandika. Akaiandikia kampuni kwamba gundi na dawa yake havina lawama, na kwamba inaelekea chanzo ni sabuni kali ya nyumbani. Kampuni ikafanya jambo zuri kadiri ilivyoelewa: ikaweka beseni na sabuni nzuri katika chumba cha makasha, wanawake wakaamriwa wanawe asubuhi, mchana na jioni. Mama alinawa, akakausha mikono, akaitia tena kwenye gundi. Alifanya hivyo kwa miaka miwili.

Mimi nilizaliwa katikati ya miaka hiyo miwili. Mama hakuweza kunikogesha. Akitoka kazini mikono yake ilifungwa vitambaa hadi kwenye viwiko, na maji yakiigusa alilia, basi bibi ndiye aliyenikogesha, na bibi ndiye aliyenifunga mgongoni. Wakati wa kunyonya walinifunga kifuani kwa mama kwa leso, kwa kuwa hakuweza kunishika kwa nguvu. Naambiwa nilikuwa mtoto wa kulia sana. Na kila wiki babu alimtumia mkaza mwana wake marhamu kupitia kwa Jerusa, mkebe mzima, wakati wagonjwa wengine walipata kijiko kwenye karatasi. Alikuwa akimpenda. Sitaki mtu afikiri hakumpenda. Aliamini kwamba mwanamke yule ni mkaidi, kwamba bado ananunua sabuni mbaya kwa siri.

Aliyegundua ni Jerusa. Siku moja bibi aliumwa, na Jerusa akaja nyumbani kumwosha mama, kwa sababu mama hakuweza kujiosha. Alipofika mgongoni akasimama. Chini kidogo ya bega kulikuwa na doa jeusi la pembe nne, ukubwa wa stempu. Bibi alikuwa ameliona mara nyingi, akidhani mama alizaliwa nalo. Jerusa akahesabu kwa kidole, kutoka juu, mahali vilipobandikwa vile vitambaa vya daktari. Moja, mbili, tatu, nne.

"Bosibori, hapa palikuwa na nini?"

"Ni pale pa daktari," mama akasema. "Palitoa maji wiki mbili. Nilikuwa nalala kifudifudi."

"Ijumaa ile palikuwa hivyo?"

"Ijumaa ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Lakini tata alikuwa amekwisha kuandika, ningesemaje?"

Jerusa alikwenda dispensari mikono ikiwa bado na povu. Hakumpigia babu kelele. Alimwambia tu alichokiona, mahali kilipo, na akasimama pale amsikilize atasema nini. Jerusa aliniambia kwamba babu alivua koti, akalikunja vizuri, akalikalia.

Kesho yake babu alikwenda kwa miguu mpaka Kericho, kwa daktari. Angeweza kuomba lori la kampuni lakini hakuomba. Alimkuta Harwood ofisini, akamweleza yote akiwa amesimama: pazia, mkaza mwana, sifuri tano. Daktari hakuelewa mara ya kwanza. Alidhani babu anasema aliangalia vibaya.

"Sikuangalia vibaya, Bwana. Sikuangalia."

Ikabidi amweleze ensoni, na babu alikuwa hajawahi kumweleza mtu yeyote ensoni, maana kwao kila mtu huzaliwa akiijua. Alikwamakwama. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na nadhani angekasirika ingekuwa rahisi zaidi. Akavua miwani, akasema, "Bosire. Jumamosi saa tatu asubuhi mimi nalikuwa pale. Kama wewe naandika 'sijaangalia', mimi nakwenda kuita huyu mama, mimi naangalia. Dakika moja."

Hilo ndilo neno babu alilolibeba hadi kaburini. Hakuhitaji kuvunja ensoni, wala kumwaibisha mke wa mwanawe. Hata Sabato yake ingebaki salama. Alihitaji kuandika neno moja la kweli na kwenda zake kanisani. Katika uzee wake, tukiwa tumekaa tu, alikuwa akisema ghafla, peke yake, "Sijaangalia," na bibi akimwambia, "Bosire, kunywa uji wako."

Daktari alikuja akarudia uchunguzi, safari hii mkononi, karibu na kiwiko, mahali ambapo hakuna pazia linalohitajika. Kwa kitambaa cha fomalini ngozi ya mama iliinuka malengelenge kabla hata siku mbili hazijaisha. Barua nyingine ikaandikwa, dawa ya kwenye gundi ikabadilishwa, na Kipkemoi akatembea nyumba kwa nyumba akiwaomba wanawake wale msamaha kwa habari ya sabuni, kitu ambacho hakuna aliyekitarajia kwa nyapara. Wale wengine wenye ukurutu walipona kabla mwaka haujaisha.

Mama hakupona. Daktari alieleza kwamba ngozi ikisha kukikataa kitu inaendelea kukikataa maisha yote, na kwamba kadiri inavyozidi kuguswa ndivyo inavyozidi ukali. Kama angeondolewa mwaka ule wa kwanza, alisema, mikono ingebaki na udhaifu kidogo tu. Miaka miwili ya zaidi iliiharibu. Tangu hapo, kitambaa kipya cha dukani chenye dawa ile kilimtoa vipele. Sakafu ya hospitali iliyopigwa dawa ilimtoa vipele. Aliacha kazi ya kiwandani, na kuchuma chai hakuweza, kwa kuwa asubuhi majani yana umande na vidole vyake vilichanika. Mwanamke wa miaka ishirini na mitano akawa mtu wa kukaa mlangoni akiwaelekeza wengine kazi kwa kidevu.

Babu alikwenda kumwomba msamaha. Alisimama uani, mbali na mlango, uso ameuelekeza kwenye michai, mama akiwa ndani. Walizungumza hivyo, yeye akiiambia michai na mama akiuambia ukuta.

"Bosibori, nilikuandikia uongo."

"Yamekwisha, tata."

"Hayajaisha. Mikono yako ni hiyo."

Babu akasimama pale mpaka mvua ikaanza, kisha akaenda zake kwa njia ya vyooni.

Aliendelea na kazi miaka mingine kumi na mmoja, na akawa mtu wa kuchosha. Kila kitabu cha dispensari alijaza "sijaangalia": tumbo la mama fulani, sijaangalia, koo la mtoto, amekataa kufungua, sijaangalia. Daktari aliyemfuata Harwood alimwona ni mvivu, akamwandikia onyo, na babu akalipokea bila kujitetea.

Nami nilimkasirikia. Nilikua nikichota maji ya watu wawili, nikifua nguo za watu wawili, na nilipoelezwa sababu nilikuwa na miaka kumi na minne, umri mbaya wa kuelezwa kitu chochote. Kwa miaka mingi sikumwamkia babu vizuri. Nilimpikia, nilimpelekea, nikaondoka kabla hajaniuliza habari za shule. Alipokufa nilimlilia sana, na wenzangu wakasema mjukuu huyu alimpenda babu yake kweli kweli. Ilikuwa kweli, ila nilikuwa nimechelewa.

Jioni moja baada ya mazishi nilikuwa nampaka mama mafuta mikononi. Vidole vilikuwa vigumu, havikunji vizuri, na kucha mbili hazikuwahi kurudi. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza, kwa sababu hasira yangu yote nilikuwa nimeimaliza kwa babu na hakuna aliyenifundisha kuigawa.

"Mama, wewe ulimsikia daktari Jumatano ile. Ulijua ukisema kuna malengelenge, dawa itatolewa. Na mgongo ulikuwa unawaka moto. Kwa nini ulimjibu ni sawa?"

Aliinyoosha mikono yake juu ya mapaja, akaiangalia.

"Mkwe akikuuliza mara ya kwanza, hiyo ni salamu," akasema. "Unajibu ni sawa, unampa heshima yake. Akiuliza mara ya pili ndiyo anataka kujua, na hapo mtu anaruhusiwa kusema. Kwetu hata chakula mtu hakubali mara ya kwanza. Babu yako alijua hivyo. Mimi nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa nimeshapanga maneno, jinsi ya kusema bila kumtia aibu. Nikakaa pale na blauzi wazi, nikangoja aulize tena."

"Halafu?"

"Halafu nikasikia anafunga dirisha."